Mwandiko Mzuri wa Vijana wa Likizo

Kila mwaka, mtihani wa KCSE ukishakwisha Novemba na sare za shule zikishagawiwa wadogo, huanza kuja. Wanashuka kwenye matatu hapa Bisil na viatu vilivyopigwa rangi, bahasha ya kaki kwapani, wakimtafuta mtu ambaye mjomba amempigia simu. Wengi wanatoka Kitengela, wengine Isinya au Kajiado mjini, na mmoja mmoja ni watoto wa papa hapa Matapato ambao mama zao huuza maziwa kando ya barabara. Wameambiwa kuna kazi ya ofisi kwenye stoo ya vitunguu na nyanya. Ofisi! Wakifika wanakuta chumba cha mabati karibu na lango, meza yenye mguu mmoja mfupi, kalenda ya mwaka juzi, na paka. Huwatazama wakitafuta mahali pa kutundika koti, nikacheka kimoyomoyo, kwa maana Bisil ya Desemba si mahali pa koti.

Siwacheki kwa ubaya. Nimewaona wengi wakija hivyo na wengi wakiondoka, na karibu wote ni watoto wazuri, wenye adabu na wepesi wa kushika. Wanakosea jambo moja tu, lilelile kila mwaka, nami nimechoka kulieleza mmoja mmoja langoni. Acha niliseme mara moja hapa, wajukuu zangu, na mama zenu nao wakilisoma si vibaya, kwani ndio waliowaleta.

Kungoja chuo ni ugonjwa wa zamani katika nchi hii. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa muda mrefu, foleni ikarefuka, na kwa miaka iliyofuata aliyemaliza kidato cha sita alijua atakaa nyumbani karibu miaka miwili kabla ya kuitwa. Kuanzia 1984 wakapelekwa kwanza NYS, wakavaa magwanda na kuamshwa alfajiri. Nyinyi mna bahati zaidi: matokeo hutoka Januari, chuo hufungua Agosti au Septemba. Ila katikati hapo kuna miezi mingi ambayo mtoto aliyezoea kengele anaamka bila kengele. Mama anaona unga unaisha upesi. Anaona mtoto amelala na simu usoni hadi jua la saa nne. Hapo ndipo mjomba anapopigiwa.

Sasa niwaeleze ofisi ile ni ya nini, maana hakuna anayewaeleza. Mnapewa kalamu na kuonyeshwa kiti. Bisil ipo katikati ya Kajiado na Namanga. Vitunguu vingi vinavyopita hapa vimetoka kaskazini mwa Tanzania, vimevuka Namanga, na vinaelekea kwenye vyungu vya Kitengela na Nairobi. Stoo kama yetu inapokea lori kubwa, inagawa mzigo kwa magari madogo, hii Canter ya Kitengela, ile Fuso ya Marikiti, na kila mzigo unaotoka unaondoka na karatasi. Karatasi hizo zimeanza mbali. Pale Namanga, kwenye kituo cha pamoja cha mpakani ambacho Rais Uhuru Kenyatta na Rais John Magufuli walikifungua tarehe 1 Desemba 2018, mzigo umeonyeshwa kwa watu wa forodha, na watu wa KEPHIS wametaka cheti cha afya ya mimea. Mama mwenye mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 amepata cheti kile chepesi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinachoonyesha bidhaa imetoka wapi, ili asitozwe ushuru wa forodha. Kaunti nayo imedai ushuru wake wa mazao. Mbele yetu upo mzani wa Isinya. Na katikati ya safu hiyo yote ya mihuri wamekuweka wewe, mtoto wa juzi, na noti ya delivari yenye nakala tatu.

Msiidharau. Mnakumbuka Machi 2021? Tarehe 5 barua moja ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie Kenya kwa sababu ya sumu ya kuvu, malori yakapanga foleni Namanga, madereva wakapika ugali chini ya trela. Tarehe 10 serikali ikaruhusu tena, kwa masharti kwamba waagizaji wajiandikishe na kila mzigo uje na cheti cha kuonyesha kuwa sumu hiyo iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Mahindi yaliyokuwa juu ya yale malori tarehe 5 ndiyo yaliyokuwapo tarehe 10. Kilichoyasimamisha ni karatasi, na kilichoyaondoa ni karatasi.

Basi nisikilizeni jinsi mambo yanavyoharibika.

Lori linafika saa nane za usiku, kwa kuwa nyanya hazipendi jua na madereva hawapendi foleni. Kijana wa ofisi ametoka kwenye usingizi, macho mekundu, koti sasa limepata kazi. Taniboi anafungua turubai. Wapakiaji wanajipanga. Dereva, mtu mzima mwenye mvi na kofia ya sufi, anaingia ofisini, anavuta kiti, anapumua, anasema, "Andika mia nne na themanini." Kijana anaandika 480. Kwa herufi nadhifu anaongeza: zimepokewa zote, hali nzuri. Anatia sahihi, ile sahihi mpya aliyoifanyia mazoezi nyuma ya daftari la kemia. Muhuri, puu! Neti ya kwanza ya vitunguu haijagusa sakafu bado.

Upumbavu wenyewe ni huo. Hauna kelele, hauna wizi unaoonekana, na ukimwuliza kijana kama amefanya kosa atashangaa kwa dhati.

Watu husema vijana wa siku hizi ni wavivu. Si kweli, au si kweli hapa. Huyu kijana angebeba neti hizo mgongoni ungemwambia abebe. Kilichomshinda ni haya. Amelelewa vizuri, ndiyo shida. Tangu utotoni ameambiwa mtu mzima akisema, msikilize, usimpinge, usimkodolee macho. Sasa leo asimame mlangoni na kalamu, amhesabie mtu wa umri wa baba yake mzigo wake moja, mbili, tatu, kana kwamba anamwambia usoni, wewe ni mwizi? Ulimi unakuwa mzito. Anaona ni adabu kuandika alichoambiwa. Na yule dereva, ambaye pengine ni mwaminifu kabisa na pengine si mwaminifu hata kidogo, anajua adabu hiyo ipo, kwa sababu naye amewalea wa kwake vivyo hivyo.

Kwa watoto wa huku Umaasaini kuna jambo la ziada, nalo nalielewa. Mzee mwenye mifugo hapendi kuulizwa ana ng'ombe wangapi, wala hahitaji kuhesabu. Jioni anasimama penye lango la boma, fimbo mkononi, wanapita mbele yake, na aliyebaki porini anamjua papo hapo: yule wa madoa, mwenye pembe iliyopinda, mtoto wa fulani. Ukame wa 2009, na tena ule wa 2022, wazee hawakuhitaji daftari kujua nani amekufa. Waliwalilia mmoja mmoja kwa rangi zao. Kijana aliyekulia hapo anaona kuhesabu ni tabia ya mtu asiyeijua mali yake.

Lakini neti ya vitunguu haina madoa, mwanangu, wala haina mama. Toa neti thelathini katika mia nne na themanini: lundo linabaki lilelile, jekundu vilevile, linanuka vilevile, na hata mwenye kulitazama kila siku hataona pengo. Kwa ng'ombe jicho linatosha. Kwa kitunguu jicho linadanganywa, na aliyeachiwa kazi ya kutodanganywa ni kidole chako.

Madukani wanabandika ukutani ule msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sina ugomvi nao. Ila nimekaa karibu na madaftari kwa muda mrefu, nikaona mali nyingi ikipotea ndani ya daftari lenyewe, tena kwa mwandiko wa kupendeza, mistari imenyooshwa kwa rula. Mahali pasipo na daftari watu angalau hushuku, hukodoa macho, hulala na ufunguo chini ya mto. Penye daftari zuri wote hulala. Siku hizi mnaandika kwenye kompyuta, mnapaka safu rangi ya kijani na ya manjano, jumla inajijumlisha chini kabisa yenyewe. Ni kazi safi, naipenda kuitazama. Lakini kompyuta haikushuka kwenda kwenye lori saa nane za usiku. Inajumlisha vizuri sana maneno ya dereva.

Kinachofuata hakitokei usiku huo, na ndiyo sababu hamjifunzi. Mzigo unagawanywa, magari yanaondoka, kijana anarudi kulala. Kesho yake huko Marikiti broka anahesabu. Mabroka wa Marikiti wanahesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa midomo na mara ya pili kwa vidole, na wa Kitengela wamejifunza kwao. Mzigo umepungua. Simu inapigwa. Mwenye stoo anafungua faili, anaona 480, zimepokewa zote, hali nzuri, sahihi safi kama cheti cha ndoa. Basi anakata kauli ambayo hata wewe ungeikata: vitunguu viliingia humu vyote, kwa hiyo vimepotelea humu ndani. Na humu ndani usiku ule walikuwa nani? Wapakiaji na mlinzi.

Mwenye kalamu haguswi. Ni mtoto wa watu, ana alama nzuri, ameletwa na mjomba. Wanaoitwa mmoja mmoja nyuma ya stoo ni watu waliobeba ule mzigo mgongoni. Hakuna aliyewaonyesha karatasi, hakuna aliyewauliza ilisemaje. Hasara inagawanywa kwa vichwa na kukatwa kwenye malipo ya wiki. Sheria ya Ajira ya 2007 haisemi hivyo. Inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali ambayo mfanyakazi ameipoteza kwa makusudi yake, yeye mwenyewe, si kuichangisha hasara kwa kila mwenye mgongo. Lakini nani ataibeba sheria hiyo kuileta huku, na huyo wa kuibeba ni kibarua anayetegemea kuitwa tena kesho?

Namkumbuka msichana mmoja, stoo yenyewe sitaitaja. Alikuwa mwerevu kupita wote, mcheshi, akiwasalimu wapakiaji kwa majina ya watoto wao. Akatia sahihi mzigo asiouhesabu, mzigo ukapungua, wapakiaji wakakatwa. Mmoja wao, baba wa watoto wadogo, alibishana, akaambiwa asirudi. Nasikia alikwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya maua upande wa Isinya. Msichana alikuwa ofisini siku hiyo. Alisikia kelele nje, akauliza kuna nini, akaambiwa ni mambo ya wapakiaji. Septemba akaenda chuoni na sanduku jipya. Leo ni mhasibu, akipita barabara ya Namanga husimama, hunishika mkono kwa mikono miwili, hunisifia ile kazi ya likizo iliyomfundisha maisha. Hajui hata leo. Mimi sikumwambia, maana angefanya nini na habari hiyo sasa, zaidi ya kukosa usingizi? Bora niwaambie nyinyi ambao bado hamjatia sahihi.

Nikishasema haya wapo wanaokimbilia upande wa pili, wanageuka askari. Wanahesabu wakiwa wamekunja uso, wanamfokea taniboi, wanapiga picha kila neti kwa simu. Huyo naye hadumu. Dereva atasahau kumpigia honi, atashusha mzigo saa ambayo yeye yuko msalani, na wapakiaji watamsaidia kusahau. Stoo ni watu, mwanangu, na watu hawapendi kutazamwa kama kuku wanavyotazamwa na mwewe.

Na idadi peke yake haitoshi. Neti zina ukubwa wa kila namna. Kwenye zile orodha za bei za Wizara ya Kilimo neti ya vitunguu ilihesabiwa kilo 13, sanduku kubwa la nyanya 64, gunia la viazi 110, na nani hajaona gunia la viazi lililoshonewa kofia ya kamba juu likawa na shingo kama twiga? Ndiyo lumbesa. Kanuni za viazi za 2019 zimesema mfuko usizidi kilo 50, lakini lumbesa bado inatembea barabarani mchana kweupe, na mgongo wa mpakiaji ndio mzani wake wa kwanza. Kwa hiyo pimeni neti chache mlizozichagua wenyewe, msizochaguliwa. Nyanya, msitazame safu ya juu; fungueni sanduku la katikati ya lori, mchimbe hadi chini, kwa kuwa za juu huwa zimepangwa kwa ajili yenu. Na mwandike saa na hali ya hewa. Vitunguu vilivyonyeshewa Namanga vina uzito wa maji, vikikaa hapa kwenye joto siku tatu vinapungua bila mtu kuviiba, na nimeona mlinzi akifukuzwa kwa ajili ya maji yaliyokauka.

Sasa yule dereva wa kofia ya sufi. Akiwa ametoka Arusha au Karatu, usimwambie "niaje" kama mnavyoamkiana Kitengela. Simama, mwambie, "Shikamoo, baba." Utaona uso wake unavyofunguka, kwa sababu tangu avuke Namanga hajaisikia salamu hiyo kwa mtoto wa Kenya. Akishaitikia marahaba, muulize safari, muulize mvua, mpe kiti. Halafu mwambie kwa sauti ya kawaida kwamba umetumwa uhesabu, na kwamba usipohesabu ni wapakiaji watakaokatwa, na umwombe ashuke mhesabu pamoja, yeye upande mmoja wa mlango wa lori na wewe upande wa pili. Mtu mwaminifu hufurahi, kwa sababu naye ana mwenye lori anayemsubiri kule alikotoka, na hesabu yako ndiyo kinga yake. Asiye mwaminifu atasema ana haraka. Haraka zake zisikuingie. Nyanya zimesafiri toka jana, zitavumilia nusu saa.

Hesabu kwa njia ya makarani wa tali wa Kilindini: kila neti inayopita, mstari mmoja, wa tano unakata ile minne. Usihesabu kichwani, kwa sababu neti ya mia mbili na kumi na saba ikipita mtu atakuuliza una kaka wangapi. Na usihesabu lundo likishapangwa, maana wapangaji hodari wanajua kuacha tumbo la lundo likiwa tupu.

Chai ya dereva ipokee, ni heshima, lakini inyweni mzigo ukishakwisha.

Na hesabu zikikataana? Zitakataana tu, usiku fulani. Usifute. Usiibadilishe yako ifanane na yake kwa sababu mvua inakuja au kwa sababu amekuita mwanangu. Usimwachie arudie kuhesabu peke yake ukiwa umekwenda kutafuta nakala. Mwite mlinzi ashuhudie, kisha andika zote mbili kwenye noti ileile: dereva asema 480, mimi nimehesabu 452. Yeye atie sahihi kwenye yake na wewe kwenye yako, mpe nakala yake, mtakie safari njema. Kesho asubuhi mwenye stoo atampigia mwenye lori, wagombane wao kwa wao, watu wazima kwa watu wazima, na wewe utakuwa umelala.